Gurudumu la Bauma

Habari ya kifo cha Bauma ilinikuta Buleusa, shambani, nimeinama katikati ya mihogo na udongo umenijaa hadi viwikoni. Jirani yangu alikuja na simu yake mkononi, akanishikia sikioni kwa sababu mimi sikuwa na mkono msafi. Aliyekuwa anaongea ni Neema, binti mkubwa wa Bauma, ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu maishani, akiwa bado ananyonya. Hakupoteza maneno. "Mama Riziki, papa amekufa. Alikuwa anasemaka jina yako sana. Njo maana tukasema tukuambie." Nikauliza amekufa na nini, akasema ni kifua, siku tano tu. Nikasema nitakuja. Alishangaa, nilimsikia akishangaa, kwa sababu kutoka kwetu huku Walikale hadi Bihambwe, alikoishi Bauma, si safari ya mtu wa umri wangu. Nikarudia kwamba nitakuja, kisha nikakaa chini kwenye matuta, na jirani yangu, ambaye ana adabu, akajifanya anakagua majani ya mihogo yangu.

Nilienda. Barabara ilikuwa imetulia kidogo majuma yale, na sisi wa huku tukisikia barabara imetulia hatuulizi mara mbili. Nilipanda pikipiki, nikashuka, nikatembea, nikapanda nyingine, nikalala kwa watu wa kanisa letu njiani, nikafika siku ya tatu wamekwisha kumzika. Walinipeleka katika chumba cha wanawake, chumba chenye dirisha moja dogo na mikeka minne, na mbele yangu wakaweka ungo wa maharage nisaidie kuchagua, kwa kuwa matanga ya kwetu hayamwachi mtu akae na mikono mitupu. Hapo ndipo nilipowasikia wanaume, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Walikuwa wakisimulia mguu wa Bauma. Sauti moja, ya mtu ambaye hakika hakuwa amezaliwa mwaka Bauma alipoumia, ilisema: "Ile gurudumu Papa Kanane aliitengeneza na muti mubichi. Muti mubichi, unaelewa? Njo ikapasuka. Papa Bauma akalemaa maisha yote ju ya fundi muvivu." Wengine wakaitikia kwa masikitiko. Nami nilibaki na harage moja mkononi, siliweki kwa mazuri wala kwa mabovu. Mti ule haukuwa mbichi. Nilikaa chini yake miezi mitano, nikila bugali. Katika watu wote waliobaki duniani, labda ni mimi na Papa Kanane mwenyewe tu tulioweza kuapa juu ya jambo hilo, na miaka yote hiyo sikuwa nimeapa.

Nina haya kuuandika mwaka ule, lakini nimechelewa sana kuona haya, kwa hiyo niandike. Nilikuwa na miaka ishirini. Kazi yangu, kama kazi ya wasichana wote wa kwetu, ilikuwa kubeba. Nilibeba maharage na muhogo kutoka Muheto hadi soko la Bihambwe, mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, shingo imekazwa, macho chini. Ukibeba hivyo huoni mlima, unaona visigino vya aliye mbele yako. Na wanaume walikuwa wanatupita na chukudu. Asiyeijua chukudu afikirie ubao mrefu mzito, magurudumu mawili ya mti, la mbele limeshikwa na uma wenye springi ya gari bovu, na mpini mpana kama pembe za ng'ombe wetu. Unapiga goti moja juu ya ubao, mahali palipopigiliwa kipande cha tairi, na mguu mwingine unasukuma ardhi. Kwenye mteremko husukumi kitu. Unashika tu, unaomba, na ukitaka kusimama unakanyaga mpira uliofungwa nyuma juu ya gurudumu. Mwanamume mmoja na chukudu alikuwa anashusha mzigo wa wanawake sita, huku anapiga mluzi. Ule mluzi ndio ulioniudhi zaidi.

Bauma alikuwa mmoja wa hao wapiga mluzi. Alinizidi miaka sita hivi, mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyoachana na tabia ya kumsalimu kila mtu njiani hata asiyemjua. Siku moja alikuwa amesimama juu ya mteremko wa Muheto anapumzika, nami nikatua mzigo wangu kando yake nikamwambia aniazime chukudu nishuke nayo hadi kwenye daraja. Akacheka. "Dada, mwanamuke hapandake hii. Utaanguka, baba yako atanifuata." Nikamwambia baba yangu ana mambo mengine ya kufanya. Akaona aniache nijaribu ili apate la kusimulia. Nikapiga goti, nikaachia. Nilishuka labda hatua thelathini za mtu mzima, nikaingia katika shamba la maharage la watu, kichwa kwanza. Nilitegemea nimsikie akicheka tena. Alikuja mbio, akaigeuza chukudu aone kama uma umepinda, kisha akanigeuza mimi, akasema kwa sauti ya mtu anayefikiri: "Uliangalia gurudumu. Usiangalie gurudumu. Uangalie kwenye unataka kufika." Kisha akaongeza: "Lakini haukuachilia mupini. Watu wote banaachiliaka." Ndiyo sifa ya kwanza niliyopewa na mtu asiye wa nyumba yetu, na nilitembea nayo wiki nzima.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Papa Kanane. Papa Kanane alikuwa fundi wa chukudu wa Bihambwe, mtu mfupi mwenye mabega mapana, ambaye hakuwahi kukuangalia usoni mkiongea, aliangalia mikono yako. Hakuwa na karakana. Alifanyia kazi jikoni kwa mke wake, na Mama Kanane alikuwa amekwisha kulalamika miaka mingi hadi malalamiko yenyewe yamegeuka kuwa salamu: "Karibu, kaa, kama utapata nafasi katika takataka ya bwana yangu." Chumba kilikuwa kimoja, kimejaa moshi na harufu ya resini. Juu ya mafiga, kwenye dari ya fito, magurudumu yalikuwa yamepangwa mawili mawili, meusi kwa masizi. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanakauka. Papa Kanane hakuruhusu gurudumu lishuke kutoka pale kabla ya miezi mitano. Watu walikuja kumsihi, mavuno yako shambani, mvua inakuja, naye aliendelea kuchonga uma na kujibu bila kuinua kichwa: "Muti haujamaliza kulia. Ukimaliza nitakuita." Tulikula chini ya magurudumu hayo, sombe ya majani ya muhogo na maharage na bugali wa muhogo, na mara kwa mara tone la maji ya mti lilidondoka kwenye sahani ya mtu, na Mama Kanane akasema: "Unaona? Bado unalia." Gurudumu la mbele la Bauma lilikuwa mojawapo ya hayo. Ndiyo maana nasema najua.

Nilimlimia Mama Kanane shamba lake la maharage msimu mzima, na kwa kazi hiyo mume wake akanipa chukudu kuukuu ambayo mwenye nayo alikuwa ameirudisha, akaiwekea uma mpya. Lakini hakunipa ruhusa ya kuteremka. Majuma matatu ya kwanza alinifundisha freni tu, ule mpira wa kusimamia. Kila alasiri nilipanda kilima kidogo nyuma ya jikoni, nikashuka hatua kumi, nikakanyaga, nikasimama. Tena. Tena. Bauma alikaa juu ya gogo anakula muhogo wa kuchoma, akinitania kwamba nitakuwa bingwa wa kusimama. Nilipokasirika, Papa Kanane alisema maneno ambayo nimewaambia watoto wangu wote, hata wale wasiopanda chochote: "Kila mupumbavu anajua kwenda mbio. Mulima njo unakupeleka, haiko weye. Kazi yako weye ni kusimama." Baadaye akanifundisha kulaza mwili ndani ya kona, kuweka uzito wa gunia mbele kidogo ya goti, kusikiliza rulema za gurudumu, zile beringi za ndani, zikikauka mafuta. Na akanifundisha kupiga.

Kupiga kunahitaji maelezo, kwa sababu ndiko kulikoniangusha. Kule Bihambwe tulikuwa na mahali tunapoita Rondi. Ni njia ya udongo inayozunguka kilima kimoja cha malisho nyuma ya kanisa: unaanzia juu, unashuka upande wa mashariki, unapinda kwenye mfereji, unapita tambarare fupi chini ya miti ya misonobari, kisha unashuka kwenye ubao na kusukuma chukudu yako kwa mikono hadi juu tena. Mizunguko mitano. Baada ya mavuno, Jumapili baada ya ibada, waendesha chukudu walishindana pale, na kanisa zima lilikaa kwenye majani kutazama. Sheria zilikuwa chache. Chukudu iwe ya kazi, ile ile inayoshuka na mzigo kila siku, isiwe imechongwa kwa ajili ya mashindano. Ibebe gunia moja la muhogo, kwa kuwa chukudu tupu ilionekana mchezo wa watoto. Na kabla ya kuanza, kila mtu apimwe na anayeanza nyuma yake. Njia ilikuwa nyembamba, tulianza mmoja mmoja kwa mstari, na ukianguka ni yule wa nyuma yako atakayekupanda. Kwa hiyo yeye ndiye aliyepewa jiwe. Alilipiga gurudumu lako la mbele na la nyuma, ameweka sikio karibu. Gurudumu zima linalia kali, sauti inakwenda mbali. Lenye ufa linalia butu, sauti inafia pale pale. Akimaliza anasimama na kusema mbele ya watu wote: "Nimesikia." Akisema hakusikia vizuri, chukudu hiyo inatolewa, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kubishana naye, hata fundi, hata mchungaji. Nimeishi mahali pengi tangu wakati ule na sijaona tena sheria iliyompa mshindani wako uhai wako mkononi kwa wazi namna ile. Tuliiona ya kawaida.

Mara ya kwanza nilikuwa wa mwisho. Wanawake walinipigia vigelegele hata hivyo, na hilo liliniumiza kuliko kuchekwa. Mara ya pili nilianguka kwenye mfereji, nikapasuka kidevu, kovu lipo. Mara ya tatu nilikuwa wa nne kati ya kumi na moja, na siku hiyo hakuna aliyepiga vigelegele, walinyamaza, nikajua sasa wameanza kuniona. Jioni ile nilikuwa jikoni kwa Mama Kanane naosha muhogo, na wanaume wa Rondi walikuwa nje wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Mwenyekiti wao, shemasi mmoja mwenye sauti nzito, hakujua kwamba nipo. Alisema: "Huyu binti tumuache amalize mwaka huu. Mashindano ya mwisho kama anashinda, tutasema Mungu amependa, abaki. Kama hashinde, arudilie kamba yake. Hatuwezi kuwa na mwanamuke wa katikati katikati." Nilimsikia Bauma akijibu: "Atanishinda mimi, papa? Haya. Nitamungojea." Wakacheka. Mama Kanane alinitazama, akanimiminia maji juu ya mikono, akasema polepole: "Umesikia. Basi ushinde."

Watu wakiniuliza nilitaka nini mwaka ule, nasema wazi: nilitaka nisirudi kwenye kamba. Hakukuwa na jambo lingine. Niliamka nalo, nililala nalo. Kuinua kichwa njiani na kuona mlima mzima, mawingu yake na ng'ombe wake, ilikuwa kwangu kama kupewa macho, na niliogopa kunyang'anywa kuliko nilivyoogopa mfereji. Wengine nilikuwa na hakika ya kuwapita, na kati yangu na hilo alikuwa amesimama mtu mmoja tu mwenye mbio kuliko mimi, na huyo ni yule aliyenifundisha.

Asubuhi ya mashindano ya mwisho mvua ilinyesha. Chukudu zilikuwa zimelazwa nje ya kanisa, zikalowa tangu sala ya kwanza hadi baraka. Gurudumu lililolowa linalia butu, hata kama ni zima kabisa, na kwa hiyo desturi ilikuwa kuwasha moto na kuyageuza magurudumu karibu na makaa mpaka yarudishe sauti. Moto uliwashwa. Lakini mawingu mengine yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya kilima, watu walikuwa wametoka mbali, na mwenyekiti akasema tufanye haraka kabla njia haijawa tope. Magurudumu hayakupata hata nusu ya muda wake. Tulipanga mstari. Bauma wa tatu, mimi wa nne, nyuma yake. Akaniletea jiwe mwenyewe, akiwa anatabasamu na yale meno yake. "Piga, dada. Piga nguvu, nisiseme ulinionea huruma."

Nikapiga la nyuma. Likalia vizuri kiasi, na unyevu ndani yake. Nikapiga la mbele. Sauti ilifia pale pale. Nikapiga tena, karibu na ukingo, ikafia. Yaliyopita kichwani mwangu nayakumbuka yote, hayakuwa mengi. Nilijiambia: ni mvua. Nilijiambia: la nyuma nalo lina maji. Nilijiambia: nikisema sikusikia, watasema mwanamke amemtoa Bauma kwa jiwe kwa sababu hawezi kumtoa kwa miguu. Yote matatu yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini chini yake kulikuwa na jambo la nne, dogo, ambalo sikujiambia kwa maneno: kwamba gurudumu likilegea kidogo, likimpunguza mbio kidogo tu, sitarudi kwenye kamba. Sikutaka aanguke. Naapa sikutaka. Nilitaka apungue. Nikasimama, nikasema kwa sauti: "Nimesikia. Iko muzima." Bauma akanigonga begani, akapiga goti.

Ilikuwa mzunguko wa nne, kwenye mfereji. Tulikuwa tumekwisha kuwapita wale wawili wa mbele, nami nilikuwa nyuma yake urefu wa chukudu mbili. Gurudumu la mbele lilifunguka vipande viwili, hivyo tu, bila kelele kubwa, uma ukachoma ardhi na yeye akapita juu ya mpini. Gunia la muhogo na ubao vikamfuata, vikamwangukia juu ya goti. Nilikuwa na nafasi ya kukanyaga freni. Majuma matatu nilifundishwa kukanyaga freni tu. Nililaza mwili, nikampita upande wa juu wa mfereji, nikaendelea, nikamaliza mzunguko huo na mwingine, na nilipopita pale mara ya pili watu walikuwa wamemzunguka na sikumwona. Nilifika wa kwanza. Hakukuwa na mtu kwenye mstari wa kunipokea isipokuwa mwenyekiti, aliyesema, "Haya, umeshinda," akageuka akakimbia kuelekea mfereji.

Walimbeba kwa machela hadi kwenye zahanati, na baadaye mbali zaidi, lakini goti lile halikukunjika tena. Mtu asiyekunja goti hapandi chukudu. Nami nilikuwa nimepewa haki ya kupanda maisha yangu yote. Jumatatu wanaume walikusanyika na vipande viwili vya gurudumu, wakavipokezana. Ndani ya ufa mti ulikuwa na unyevu, kwa kuwa maji ya mvua yalikuwa yameingia, lakini wao waliona unyevu wakasema mbichi. "Papa Kanane aliharakisha. Alichoka kungojea." Yeye alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma. Nilingoja aseme miezi mitano, aseme moshi, aniite mimi shahidi. Hakusema neno. Na mimi, niliyekula chini ya gurudumu lile lile, niliyepigwa na tone lake kwenye sahani, nilijua kwamba nikifungua mdomo kusema halikuwa bichi, swali linalofuata ni: basi lilikuwa na ufa, na ufa unasikika, na nani alipiga? Nikafunga mdomo.

Watu waliacha kuagiza kwake. Halikutokea kwa siku moja. Walisema tutakuja, hawakuja. Mwishoni Mama Kanane aliyateremsha magurudumu kutoka juu ya mafiga, moja moja, akayapasua kwa shoka na kuyafanya kuni. Nilikuwepo siku ya kwanza ya kuni hizo. Ziliwaka vizuri mno, bila moshi, kwa kuwa zilikuwa kavu kabisa. Alinipakulia, nikala. Sijui nilimezaje. Sikurudi tena katika jiko lile. Chukudu yangu niliipanda miezi miwili, nikiwa na kichwa juu kama nilivyotaka, na kila nilipopita watu walisema, huyo ndiye. Nikamwachia mdogo wangu. Mwaka uliofuata nikaolewa Buleusa, na watu wakafikiri nilikwenda mbali kwa ajili ya mume.

Sasa nirudi kwenye ule ungo wa maharage. Nilimuuliza mama aliyekuwa kando yangu kama Papa Kanane bado yupo duniani, akanionyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha ndani. Alikuwa ameletwa asubuhi na wajukuu wake, kakaa kwenye kiti peke yake, blanketi magotini, mabega yale mapana yamebaki mifupa. Nilipiga magoti mbele yake nikasema jina langu. Aliitazama mikono yangu. "Riziki wa freni," akasema. Nikaanza, na maneno niliyokuwa nimeyapanga siku tatu njiani yakatoka vibaya, bila mpangilio: kwamba nililipiga gurudumu, kwamba lilifia, kwamba nilisema nimesikia, kwamba mti ulikuwa mkavu na mimi nilijua na nikanyamaza akaharibiwa jina. Nililia, sitaficha. Alingoja nimalize. Kisha akasema: "Mimi pia nilisikia."

Sikumwelewa. Akarudia, polepole, kwa ajili yangu, utadhani mimi ndiye mzee. "Nilisimama kule kwenye moto. Jiwe ya kwanza, muzuri. Ya pili, nikasikia kufa. Masikio yangu ilikuwa nzima ile wakati. Nikasema ndani yangu, Riziki atasema. Yeye njo ana jiwe. Mimi fundi nikisema, watu watasema Kanane anatoa gurudumu yake mwenyewe, gurudumu ya Kanane iko mubaya. Nilikuwa na kiburi, mwanangu. Nikakungojea weye. Weye ukasema iko muzima, nikasema basi, ni mvua." Akavuta blanketi. "Njo maana sikujitetea. Ningejitetea na nini?"

Nilikuwa nimekuja kutua mzigo, na badala yake nikaona kwamba ulikuwa na upande wa pili, na kwamba mtu mwingine aliubeba upande huo muda wote bila mimi kujua. Haukupungua kwa hilo hata kidogo. Watu wawili walisikia na yeyote kati yao angeweza kumwinua Bauma kutoka kwenye ubao ule kwa neno moja. Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia Bauma. Akatikisa kichwa. "Alikuja kunisalimia kila Noeli na fimbo yake. Kila Noeli nilisema leo nitamwambia. Na alikuwa anakusifu sana, weye. Anasema, nilifundisha binti mumoja akanipita." Kisha akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Mimi miguu haiendi. Weye uko na miguu. Watoto wake bako pale inje."

Neema alikuwa uani, karibu na masufuria, anapakua chakula cha wageni. Kaka zake wawili walikuwa na wale wanaume wa upande wa pili wa ukuta, hatua chache tu kutoka hapo. Neema ana meno ya baba yake. Alinyoosha sahani kwangu akidhani nimekuja kuchukua, nikaipokea kwa sababu sikujua nifanye nini tena, na nikiwa nimeishika nikamwambia, kwa sauti ndogo, ya kwake peke yake, kwamba gurudumu la baba yake halikuwa la mti mbichi, kwamba lilikuwa na ufa, kwamba mimi ndiye niliyelipiga na nikausikia ufa na nikasema ni zima, kwa sababu nilitaka kumshinda. Upande wa Papa Kanane sikuutaja. Ule ni wake kuutoa. Neema aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alinitazama. Sikuona hasira wala huruma usoni pake, niliona tu mtu anayehesabu upya: miaka ya kumchotea baba maji, ya kumvalisha kiatu cha mguu wa kulia, ya kulima upande wake na upande wa baba.

Aliichukua sahani mikononi mwangu, akaiweka chini.

"Mama Riziki," akasema, "rudilia. Sema kwa nguvu, wale kaka zangu basikie."

Wanaume walikuwa wamekwisha kugeuka. Nikarudia, kwa nguvu.